Adenoma za utumbo mpana na kansa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa ni maswali ambayo watu wanauliza sana wakishatoka hospitali na karatasi ya majibu mkononi, daktari kaongea dakika tano, foleni ndefu, na neno adenoma limeandikwa pale halijaelezwa. Tumezungumzia zaidi utumbo mpana kwa sababu huko ndo utafiti umeenda mbali na huko ndo mtu anaweza kuokoka kabla hata hajaugua. Adenoma za sehemu nyingine tumezieleza chini kidogo.

Nimeambiwa nina adenoma. Ndo kansa yenyewe?

Hapana. Adenoma ni uvimbe unaoanzia kwenye seli za tezi, zile zinazotengeneza ute au homoni au majimaji mengine mwilini, na utando wa ndani wa utumbo mpana umejaa tezi ndogo ndogo za ute kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Seli za pale zikianza kuongezeka bila mpangilio zinaota kinyama, kingine kina kikonyo kinaning'inia, kingine kimelala bapa ukutani, na hicho kinyama ndo wanakiita polipu. Kikiwa adenoma maana yake seli zimeshaanza kubadilika ila bado zimebaki kwenye utando wa juu. Zikipenya kwenda tabaka za chini, ambako ndo kuna njia ya kufika kwenye mishipa ya damu na mitoki, jina linabadilika inaitwa adenokasinoma, na hiyo sasa ni kansa.

Alafu sio kila polipu ni adenoma. Kuna zinazotokana na uvimbe wa kuumia tu, mfano kwa watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kinaweza kuotesha vinyama kwenye utumbo vikatoa damu, na vile matibabu yake ni tofauti kabisa. Ndo maana kwa macho ya kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa peke yake haitoshi, lazima kinyama kiende maabara kikaangaliwe kwa hadubini.

Sasa kama sio kansa kwanini wanataka kuitoa?

Kwa sababu kansa nyingi za utumbo mpana zilianza kama adenoma. Hili tunalijua kwa ushahidi wa miaka mingi. Pale hospitali ya St Mark's jijini London, Basil Morson na wenzake Muto na Bussey walikaa na adenoma zaidi ya 2,000 zilizokusanywa miaka na miaka, wakatoa majibu mwaka 1975, na walichokiona ni kwamba adenoma za chini ya sentimita 1 zilikutwa na kansa ndani yake kwa asilimia 1.3 tu, za kati ya sentimita 1 na 2 ikawa asilimia 9.5, zilizozidi sentimita 2 ikaruka mpaka asilimia 46. Angalia hiyo namba ya mwisho, karibu nusu. Ukubwa unaongea.

Kuna utafiti mwingine wa Mayo Clinic kule Marekani uliotoka 1987, walifuatilia watu 226 waliokutwa na polipu za sentimita 1 au zaidi enzi ambazo kamera za kutolea zilikuwa bado hazijaenea, kwa hiyo vinyama viliachwa palepale. Baada ya miaka 5 asilimia 2.5 walikuwa wamepata kansa mahali palepale kilipokuwa kinyama, baada ya miaka 10 asilimia 8, baada ya miaka 20 asilimia 24. Kwa hiyo adenoma nyingi hazifiki kwenye kansa, hilo ni kweli na mtu asikutishe, ila leo hakuna anayeweza kukuangalia akasema yako ni ile itakayotulia au ni ile itakayoendelea, na kuitoa ni kazi ya dakika chache wakati kansa ni upasuaji mkubwa na dripu za miezi.

Inachukua muda gani kubadilika?

Kwa wengi ni miaka 10 au zaidi, na huu muda mrefu ndo nafasi yetu. Kansa nyingi hazikupi miaka 10 ya kujiandaa, hii inakupa.

Sababu ya kuchukua muda ni kwamba seli inatakiwa iharibike mara kadhaa, sio mara moja. Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins kule Baltimore walieleza hatua hizo mwaka 1990 na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa hivyo: kwanza jeni inayoitwa APC inaharibika, hiyo kazi yake ni kuzuia seli zisiongezeke kupita kiasi, kinyama kinaanza. Alafu jeni nyingine, KRAS, inakwama kama swichi ya taa iliyogoma kuzimika, kinyama kinakua. Baadaye kipande cha kromosomu ya 18 kinapotea, na mwishoni TP53, ambayo ndo ilikuwa inaiambia seli iliyoharibika ijiue, nayo inaondoka. Hapo seli inapata uwezo wa kupenya. Sio kila kansa inafuata mstari huo huo, kuna njia nyingine kupitia vinyama vyenye kingo za meno meno kama msumeno ambavyo mara nyingi vina badiliko kwenye jeni ya BRAF, lakini wazo la hatua kwa hatua limebaki.

Ripoti yangu imeandikwa "tubula, displasia ya chini". Nisome vipi?

Angalia vitu vinne: aina, ukubwa, displasia, na kingo.

Aina ni tubula, vilasi, au mchanganyiko wa zote mbili. Tubula ndo nyingi na ndo pole zaidi. Vilasi, zile zenye vidole vidole, ni za kuangalia kwa jicho kali, kwenye ule utafiti wa St Mark's tubula zilikuwa na kansa kwa asilimia 4.8 na vilasi zikawa asilimia 40.7. Displasia ni kiwango cha seli kupoteza sura yake ya kawaida, ikiwa ya chini ni vizuri, ikiwa ya juu ina maana seli zimebaki hatua chache kufika kwenye kansa. Kingo ni kama pale kilipokatwa pamebaki kitu au pamekwisha. Ukiona imeandikwa kingo hazieleweki au kinyama kimetolewa vipande vipande muulize daktari moja kwa moja, unarudi lini kuangaliwa, usisubiri uambiwe.

Na naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu kwetu mara nyingi mgonjwa anapewa kile kichupa cha kinyama mkononi apeleke maabara mwenyewe, na wengine wanakipeleka kesho yake, wengine wanakaa nacho nyumbani mpaka hela ya kipimo ipatikane, na kuna ambao hawakipeleki kabisa wanasema si kimeshatolewa basi. Jamani. Kukitoa bila kukipima ni nusu ya kazi, maana hujui kama ilikuwa adenoma ya kawaida au ndani yake kansa ilishaanza. Hakikisha kichupa kina dawa ya formalini na kinyama kimezama chote, kisiwe kwenye maji ya kawaida wala kikavu kwa sababu kitaoza na mtaalamu wa patholojia hataona kitu, jina lako liwe limeandikwa juu ya kichupa, na ukishapata majibu piga picha kwa simu, ile karatasi utaihitaji hata miaka 10 ijayo.

Baba ana miaka 62 anaona damu kwenye choo, yeye anasema ni bawasiri tu. Tumwache?

Msimwache. Inawezekana kweli ni bawasiri, zipo nyingi sana na zinatoa damu nyekundu kabisa inayodondoka mwishoni. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuwa na bawasiri na kansa kwa pamoja, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa kuangalia damu kwenye karatasi. Amiba nayo inatoa damu, kichocho nacho. Wazee wetu wengi wanaona aibu kuangaliwa sehemu ile, anavumilia, anapaka dawa ya kununua, anakunywa mizizi, mwaka unapita, na siku anafika hospitali choo hakipiti kabisa.

Umri huo na damu, apimwe kwa kidole kwanza (ni dakika moja, na uvimbe mwingi wa karibu na njia ya haja kubwa unagusika), alafu kamera. Dalili nyingine za kuzitilia maanani ni choo kubadilika kwa wiki kadhaa, mara kuharisha mara kufunga, kuhisi hujamaliza wakati umemaliza, kupungua uzito, na upungufu wa damu kwa mwanaume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Hilo la mwisho linapita kimya kimya, mtu anapewa vidonge vya kuongeza damu kila akienda na hakuna anayeuliza damu inapotelea wapi. Mwambieni mzee kwa heshima, ikiwezekana aende na kijana wake wa kiume au mtu anayemsikiliza.

Adenoma zenyewe lakini kwa kawaida hazina dalili yoyote. Ukisubiri dalili umechelewa kuipata ikiwa adenoma.

Kolonoskopi, yaani ile kamera ya utumbo mpana, inauma?

Kinachosumbua watu wengi ni maandalizi. Siku ya kabla unakula vitu vya maji tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji, hakuna kinywaji chekundu kwa sababu kinafanana na damu, alafu unakunywa dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe kama maji safi. Usidanganye hapa, utumbo ukiwa mchafu adenoma bapa hazionekani na utakuwa umelipia bure. Kipimo chenyewe unapewa dawa ya usingizi mwepesi, kinachukua kama nusu saa, unahisi gesi na kubanwa kidogo. Kuna hatari ya utumbo kutoboka, ni ndogo, kama mtu 1 kwa 1,000 au chini ya hapo, na kutoka damu pale kinyama kilipokatwa. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au za kisukari sema mapema.

Kinyama kinakatwa hapo hapo kwa kitanzi cha waya. Ufundi huu William Wolff na Hiromi Shinya waliuanza New York mwaka 1969, kabla ya hapo kutoa polipu ya juu kwenye utumbo ilibidi upasuliwe tumbo.

Kuna kipimo cha choo tu, nisiingizwe kamera?

Kipo. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo ni rahisi na unachukua sampuli mwenyewe. Utafiti wa Minnesota kule Marekani uliotoka 1993 ulionyesha wanaopima kila mwaka kwa aina ya zamani walipungukiwa vifo vya kansa hii kwa asilimia 33. Sasa hivi kuna kinachotafuta DNA iliyobadilika pamoja na damu, mwaka 2014 kililinganishwa na kile cha damu peke yake kwa karibu watu 10,000, kikakamata kansa kwa asilimia 92 dhidi ya asilimia 74. Lakini adenoma kubwa kilikamata asilimia 42 tu, na kile cha damu asilimia 24. Yaani vipimo vya choo vinaona kansa vizuri kuliko vinavyoona adenoma, kwa hiyo kwa mwenye dalili au mwenye historia kwenye familia kamera ndo kipimo. Na kipimo cha choo kikiwa chanya lazima umalizie na kamera, kurudia kile kile mpaka kitoke hasi ni kujidanganya.

Kutoa adenoma kunaokoa maisha kweli au ni biashara ya hospitali?

Kunaokoa. Utafiti wa kitaifa wa polipu wa Marekani ulionyesha mwaka 1993 kwamba waliotolewa adenoma zote walipata kansa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 76 mpaka 90 kuliko ilivyotegemewa, na majibu ya ufuatiliaji mrefu yaliyotoka 2012 yakaonyesha vifo vya kansa hiyo vimepungua kwa asilimia 53.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti mwingine mkubwa wa Poland, Norway na Sweden, watu 84,585, na magazeti yakaandika kolonoskopi haisaidii. Soma vizuri lakini. Wale walialikwa tu, na walioitikia walikuwa asilimia 42. Hata hivyo kansa katika miaka 10 ilishuka kutoka asilimia 1.20 hadi 0.98 kwenye kundi zima la walioalikwa, wakiwemo ambao hawakwenda. Vifo havikuwa na tofauti ya kueleweka mpaka hapo, na miaka 10 ni michache kwa ugonjwa unaokwenda polepole hivi. Mimi nachukua hivi: faida ipo, ni ndogo kwa mtu wa kawaida asiye na dalili kuliko tulivyokuwa tunaambiwa, na ni kubwa kwa ambaye adenoma imeshaonekana.

Ikitolewa inarudi?

Ile ile ikitoka yote hairudi, ila utumbo ulioota moja unaweza kuota nyingine. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema ukiwa na adenoma 1 au 2 ndogo unarudia baada ya miaka 7 mpaka 10, zikiwa 3 au 4 ndogo miaka 3 mpaka 5, na ikiwa yoyote imefika sentimita 1, au ina vilasi, au displasia ya juu, miaka 3. Zaidi ya 10 kwa mara moja, mwaka 1, na hapo waulize kuhusu vinasaba.

Mama yangu na mjomba walikufa kwa kansa ya utumbo. Na mimi je?

Hapa ndo usikae kabisa. Kuna familia ambazo adenoma zinarithiwa. Moja ni ile ya polipu mamia mpaka maelfu, jeni ya APC imeharibika tangu tumboni kwa mama, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na wasipotibiwa karibu wote wanapata kansa, wengi kabla ya miaka 50. Hao huwa wanashauriwa kutolewa utumbo mpana mapema.

Nyingine ni Lynch, hii haina polipu nyingi, ila adenoma chache zinazoota zinabadilika haraka, mwaka 1 mpaka 3 badala ya 10, na inaleta pia kansa ya mfuko wa uzazi. Ilianza kufahamika kwa mama mmoja fundi cherehani wa Michigan kule Marekani, mwaka 1895 alimwambia Dk. Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa kansa ya tumbo au ya kizazi kama ndugu zake wengi, na kweli akafa hivyo. Warthin akachora ukoo wao akaandika mwaka 1913, watu hawakutilia maanani mpaka Henry Lynch alipolifufua miaka ya 60.

Yule mama alikuwa anajua ukoo wake, sisi wengi hatujui wetu. Msibani tunaambiwa "alikuwa anaumwa tumbo" basi. Uliza shangazi, uliza babu, aliumwa tumbo gani, alikuwa na miaka mingapi. Kwa ujumla kama mzazi au ndugu wa damu alipata kabla ya miaka 60, anza kamera ukiwa na miaka 40 au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, lolote linalotangulia.

Sisi tunakula ugali na mboga, hii si kansa ya wazungu?

Ilikuwa inasemwa hivyo na kuna aliyeisema kwa ushahidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekaa Uganda miaka mingi pale Mulago, aliona kansa ya utumbo ni adimu sana kwa wenyeji, akaandika mwaka 1971 kwamba nyuzinyuzi za chakula ndo zinalinda. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake wakabadilishana chakula: Wamarekani weusi 20 wakapewa chakula cha kijijini Afrika Kusini chenye nyuzi nyingi, na wanakijiji 20 wakapewa baga na chipsi, wiki mbili tu. Utando wa utumbo wa Wamarekani ukatulia, wa wanakijiji ukaanza kuwaka uvimbe na seli kuzaliana kwa kasi. Wiki mbili!

Ila majaribio mawili makubwa yaliyotoka 2000 ya kuwapa nyuzi watu waliokwisha kutolewa adenoma hayakuzuia mpya kuota katika miaka michache. Nadhani chakula ni cha maisha yote, huwezi kukianza ukiwa na miaka 60 ukategemea kifute yote. Na sisi wenyewe mjini hatuli tena kama babu zetu, sembe nyeupe, chipsi mayai, soseji, soda, bia, kukaa kwenye gari. Shirika la utafiti wa kansa la WHO liliweka nyama za kusindika kwenye kundi la vinavyosababisha kansa mwaka 2015, nyama nyekundu kwenye kundi la inayowezekana sana. Usitegemee ugali ukaacha kupima.

Aspirini inazuia?

Kwa wenye Lynch, ndiyo. Utafiti wa CAPP2 wa John Burn, watu 861, miligramu 600 kwa siku kwa miaka 2 au zaidi, kansa ya utumbo ikapungua kama theluthi, na faida ikaonekana baada ya miaka mingi. Usianze mwenyewe, aspirini inatoboa tumbo na kuleta damu, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo au umri umeenda.

Dawa za kienyeji za kukausha uvimbe?

Sijaona utafiti wa watu unaoonyesha kuna mti unaokausha adenoma. Ukitaka kunywa mwambie daktari unachokunywa, ila usibadilishe na kamera. Ule muda wa miaka 10 unaliwa na mambo haya.

Adenoma za sehemu nyingine zikoje?

Zina tabia tofauti, usichukue ya utumbo ukaipachika kwingine. Ya tezi ya pituitari chini ya ubongo ni nadra sana kuwa kansa, shida yake ni homoni na kubana mishipa ya macho, na ile inayotoa prolaktini (mama anatoa maziwa hanyonyeshi, hedhi imekata, hapati mimba) mara nyingi inasinyaa kwa vidonge bila upasuaji. Ya ini imehusishwa na vidonge vya uzazi wa mpango tangu 1973, ikiwa kubwa inaweza kupasuka na kumwaga damu. Ya tezi ya mate karibu na sikio inakua polepole ila ikiachwa miaka mingi inaweza kugeuka, itolewe yote na mzizi wake. Ya tezi ya shingo sindano haitofautishi na kansa, mpaka itolewe iangaliwe ganda lake. Faibroadenoma ya titi kwa wasichana haina shida kubwa, ila donge lolote la titi lipimwe. Faibroidi za kizazi sio adenoma, ni za misuli.

Na ikishakuwa kansa, ndo basi?

Hapana. Ikiwa ndani ya kinyama tu wakati mwingine kukitoa kwa kamera kumemaliza. Steji ya 1 wengi wanapona kwa upasuaji. Na utafiti unasonga: mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitangaza wagonjwa 12 wa kansa ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana waliopewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, dostarlimab, peke yake, uvimbe ukaisha kwa wote 12, bila kisu, bila mionzi. Inafanya kazi kwa wachache ambao uvimbe wao umeharibika mfumo wa kurekebisha DNA, ule ule unaoharibika kwa wenye Lynch. Kwa hiyo ukiambiwa ni kansa uliza kama kinyama kinaweza kupimwa hilo, maana jibu linabadilisha matibabu. Dawa yenyewe bado ni ghali mno.

Niende na nini kwa daktari?

Ripoti ya zamani ya kamera na ya maabara, majina ya dawa unazotumia, orodha ya ndugu waliougua na umri wao. Alafu muulize: aina gani, ukubwa gani, imetoka yote, nirudi mwaka gani. Andika huo mwaka kwenye simu yako na umwambie mtu mmoja nyumbani akukumbushe.